Vyungu Nilivyovisugua

Nilikuwa sokoni Khayega nikichagua katani ya kusukia vikapu, muuzaji akaniambia kuwa yule mama wa vyungu amefariki, na kwamba alizikwa Jumamosi. Niliendelea kuchagua. Nikalipa, nikatoka, kisha nikarudi kumwuliza kama ana hakika. Tangu siku hiyo sijui ninachosikia moyoni ni huzuni au ni aibu. Ninyi mnaonisoma mtanivumilia.

Kwa miaka kadhaa tulikaa bega kwa bega katika maonyesho ya kazi za mikono hapa Kakamega, yeye na vyungu, mimi na vikapu. Nilimwita shemeji kwa kuwa alitoka ukoo wa mke wangu. Hakuuza chungu ambacho hakijapikiwa. Kila kimoja alikipikia mboga ya mrenda nyumbani kwanza, aone kama kinashika maji, kwa hiyo vyake vilifika na masizi, na wageni walivipita wakaenda kwa wenzake wenye vyungu vyekundu visivyojua moto. "Shemeji, watu wanataka kitu cha kupendeza," nilimwambia. Akacheka. "Mimi siuzangi sura. Na wewe, hivyo vikapu vyako hata kuku anaona haya kutagia." Kimoja tu alikileta kikiwa kibovu, chenye ufa usioonekana. Hicho alikichora mstari wa chokaa kwenye kitako, akakitumia kuwafundisha wanunuzi: gonga hiki kizima, sasa gonga hiki, umesikia?

Mwaka mmoja ilifika saa nane mchana hajauza hata kimoja. Akaniachia mkeka wake aende kumwona dada yake mgonjwa. Nilimwonea huruma. Nikachukua mchanga na maji, nikavisugua vyungu vyote hadi vikarudia wekundu wake. Kufikia saa kumi vilikuwa vimekwisha, nami nikajiona mtu mwema sana.

"Viko wapi?" aliuliza aliporudi.

"Nimeuza, shemeji. Vyote!"

"Na kile cha chokaa?"

Chokaa ilikuwa imetoka pamoja na masizi, wala sikukitambua.

"Sasa mtu atakiweka motoni, mboga imwagike, aseme mimi ni mwongo." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Mwaka uliofuata alileta chungu kimoja kizuri, akakiweka kando, hakiuzwi, ni cha kumbadilishia aliyeuziwa kile kibovu. Kila aliyepita, shemeji alimwuliza, "Wewe ulinunua hapa mwaka jana? Hakivuji?" Wengine walimwona amechanganyikiwa. "Huyu mama anatangaza ubovu wake mwenyewe," mmoja alisema, wenzake wakaangua kicheko. Bibi mmoja wa mjini akamjibu, "Kuvuja? Changu kiko sebuleni, kina maua ya karatasi." Aliendelea kuuliza hivyo maonyesho manne. Na muda wote huo aliketi palepale kando yangu, akinimiminia chai kutoka chupa yake. Kama alinisamehe, hakusema, nami sikuuliza.

Ninachoshindwa kuelewa ni hiki. Siku hizi tunapikia sufuria, na chungu kimekuwa pambo. Huenda kile kibovu kiko juu ya kabati la mtu, hakijawahi kutiwa maji, na mwenyewe anakipenda. Kama ni hivyo, nilimkosea nani? Masomo yangu ni ya darasa la saba, hayanitoshi kujibu. Nikidhani nimepata jibu, namwona akimsimamisha mgeni mwingine, na jibu linanitoka.

Lakini moja nalijua. Walipomcheka, nilikuwa nimeketi hatua moja kutoka kwake nikisuka, na hata mara moja sikusimama kusema ni mimi niliyekiuza. Niliogopa kukosa wateja. Ukimharibia mtu jina kwa kutaka kumsaidia, msaada uliobaki ni kulisafisha mbele ya walewale waliomcheka, angali hai akusikie. Mimi nimechelewa. Hata hivyo, kama kiko kwako na kinavuja, fahamu kwamba yeye alikijua, alikitia alama, na hakukuuzia. Ni mimi.