Begi la Nyuma ya Mlango

Nyuma ya mlango wa Bernadeta Awuor, kule Buswelu, lilining'inia begi la kijani ambalo halikuwahi kusafiri kwa jambo la heri. Ndani yake mlikuwa na vitenge, blanketi, tochi, sahani ya bati na kipande cha sabuni, vitu vya mtu anayekwenda kulala chini kwa wafiwa. Simu ikilia kutoka Shirati au Sengerema, alilivuta tu akaondoka. Ndiye aliyeongoza akina mama wa mtaa kwenye misiba, na wanawake waliofariki yeye ndiye aliyewavalisha, maana mikono yake haikutetemeka.

Sasa Winnie, kitinda mimba wake, alikuwa amekata tiketi mbili za ndege. Zanzibar! Wiki nzima ya kupumzika, mama na mwana. Bernadeta hakujua hata mtu anapumzikaje wiki nzima bila kuwa mgonjwa.

Siku moja kabla ya safari, Winnie alikuja kutazama mama amefungasha nini. Akakuta begi la kijani kitandani. Akatoa blanketi, akatoa sahani, akatoa tochi.

"Mama, tunaenda kupumzika. Hatuendi kuzika."

"Mimi ndivyo ninavyojua kufungasha," Bernadeta alijibu, na hakuwa anatania.

Winnie alianza kucheka, akaona macho ya mama yake, akaacha. Ukweli ni kwamba Bernadeta hakutaka kwenda. Selina, rafiki yake tangu walipokuwa wakiuza dagaa pamoja, alikuwa hoi kitandani nyumba ya pili. Saratani ilikuwa imemmaliza, na hospitali walishamrudisha nyumbani. Bernadeta alikuwa amemwahidi kwamba siku ikifika, hakuna mkono mwingine utakaomvalisha. Leo aende kuota jua, rafiki yake afe avalishwe na wengine? Moyo ulikataa katakata. Akajifunga kitenge, akaenda kumwambia Selina kwamba safari imevunjika.

Selina alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mkwe wake akimnywesha uji. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakisukuma kikombe.

"Kwa hiyo utabaki hapa unangoja nife?"

"Sina maana hiyo, mwenzangu."

"Ndiyo maana yake. Siku hizi kila ukiingia humu unanitazama kama fundi anayenipima nguo."

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Bernadeta alikaa kwenye kigoda akalia, yeye ambaye misibani huwa wa mwisho kutoa chozi. Selina alimwacha alie. Kisha akamwagiza mkwe wake atoe gauni la bluu sandukuni. Bernadeta alilifahamu vizuri. Walikwenda wote wawili kulishonesha kwa fundi wa Kisesa, Selina alipojua kwamba hatapona. Lilikuwa gauni la kuzikiwa, na halijavaliwa hata mara moja.

"Livae huko," Selina alisema. "Ingia nalo baharini."

"Selina! Gauni hili?"

"Ziwa nimeliona maisha yangu yote. Bahari sijaiona, na sasa hata uani sifiki bila kushikwa. Nipelekee hilo."

"Na ukinitangulia kabla sijarudi?"

"Watanihifadhi mpaka urudi. Wakati huo sitakuwa na haraka."

Wakacheka, kicheko kifupi kilichomwishia Selina kwenye kikohozi.

Jioni ile Bernadeta alifungasha upya. Vitu vya msiba vilirudi kwenye begi la kijani, nalo likarudi nyuma ya mlango. Katika begi la magurudumu aliloletewa na Winnie aliweka kandambili, nguo nyepesi, na gauni la bluu juu kabisa.

Asubuhi alipitia kwa Selina kuaga. Alimshika mkono, na safari hii alimtazama usoni tu.

"Nitalifua vizuri," alisema, "nilipige pasi, nikuletee kama nilivyolichukua."

"Usilifue," Selina alisema. "Nataka nizikwe na chumvi yake."