Sauti ya Baba na Gari Lililoona Haya

Baba yangu ni baharia wa meli za mizigo. Kila akirudi hunitajia bandari, nami huzitunga kichwani kama shanga, nikingoja zamu yangu. Basi safari yangu ya kwanza ya kuwaandikia watu ndiyo hii: Kibokoni hadi Kibarani na kurudi, siku moja, bila kutoka Mombasa. Msinicheke. Nilirudi nimechoka kuliko baba anavyochoka akitoka Brazili.

Kilichonitoa nyumbani ni harusi ya dada yangu Zuhura. Kesho yake alikuwa apelekwe kwa mumewe, mtaani Tudor, na baba yuko baharini, mkataba haujaisha. Angekuwapo, angekaa kando yake garini amwombee dua njia nzima. Kwa vile hayupo, alijirekodi kwa simu akatutumia, akaagiza jambo moja: "Aisikie ndani ya gari langu, akishatoka mlangoni. Si kabla." Zuhura akatii, hakuigusa. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuunga simu na redio ya gari na kujaribu. Nilipojaribu, mama amepanda kando yangu, spika zilitoa mlio mwembamba, kama nzi aliyefungiwa chupani, ukaifunika sauti ya baba hata salamu haitambulikani na dua.

Mama alishuka, akasimama mikono kiunoni. "Mwanangu atoke kwangu asindikizwe na nzi? Nenda kwa mafundi. Na chetezo usikisahau."

Chetezo chenyewe ni kidogo, cha umeme, baba alikileta kutoka safari. Unakichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, unatia kipande cha udi, unabonyeza. Kwetu mgeni hapokewi pasipo harufu nzuri, na kwa mama gari la baba ni chumba cha wageni chenye magurudumu. Akipanda mtu nawasha, akishuka nazima, maana udi uliobaki ni wa harusi.

Majengo, asubuhi. Jua lilikuwa limeshakaza. Fundi Badi, ambaye ndiye aliyefunga redio ile, alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake akipepea kikombe cha kahawa.

"Asalaam aleikum, Ami Badi."

"Waaleikum salaam, binti baharia. U hali gani? Na mamako?"

"Sote wazima, alhamdulillahi. Gari ndilo gonjwa."

Nikamfungulia mlango, nikabonyeza chetezo. "Ah! Wanifukiza kama bwana harusi," akacheka. Nikaicheza rekodi, na nzi akaanza. Fundi akaniambia niwashe injini nikanyage mafuta. Mlio haukupanda wala haukushuka. Akaniambia nizime injini, niache redio peke yake. Nzi yuleyule.

"Basi si dinamo," akasema. "Mlio wa dinamo hupanda na injini na kufa na injini. Labda waya wa athi, ule unaoshikana na bodi."

Akalala chini ya dashibodi kukwangua kutu pale waya wa redio unapofungwa kwenye bodi. Nilimshikia tochi mpaka mkono ukafa ganzi. Alipomaliza, nzi alikuwa hajapungua hata bawa. "Kanunue waya mpya wa kuungia simu," akasema, jasho likimdondoka puani.

Sijafika hata kona, nikajaribu tena nikiwa peke yangu. Sauti ya baba ikatoka safi kama maji ya mtungi! Niliizima upesi, kwa kuwa haikuwa yangu, nikageuza gari huku nikiimba. Fundi Badi akapanda, nikabonyeza chetezo kwa furaha, nikacheza. Nzi.

Akashuka. "Binti, wanitania?"

Marikiti, adhuhuri. Hapo safari ilinivunja mgongo. Mikokoteni ya vitunguu mbele, mikokoteni ya mabiringani nyuma, nami katikati na leseni yangu mpya. Hamali mmoja akagonga bonati: "Dada, hilo gari lapita ama lauza?" Nilicheka, nikasogea hatua mbili.

Kijana muuza nyaya alitoka dukani na waya mpya, akaketi kando yangu. Udi, rekodi, nzi. Akaleta waya wa pili. Nzi. Akashuka kwenda kumhudumia mteja, nami nikajaribu peke yangu: safi! Akarudi: nzi.

"Gari lako laona haya, dada," akasema. "Likiona wageni lashikwa na kigugumizi. Nenda Kibarani kwa Mutua, yeye hufunga nyaya za malori. Pengine malori yamemfundisha subira."

Njia ya Makupa iliwaka kama kikaango. Nilikuwa nimeshinda na maandazi mawili tu, buibui limenigandia mgongoni, na kesho ilikuwa yaja bila kunisubiri. Nilijiona nikimwambia Zuhura, "Samahani, dada, baba hasikiki." Machozi yakanitoka kidogo. Nikayafuta, maana malori hayangoji mtu alie.

Kibarani, alasiri. Upepo ulikuja na harufu ya matope na ya jaa la zamani. Mutua, mtu wa Ukambani aliyelowea Mombasa, alikuja akifuta mikono kwa kitambaa. Nikabonyeza chetezo, nikamkaribisha. Hakuingia. Alisimama mlangoni akikohoa.

"Samahani, dada. Mimi na moshi hatupatani. Kifua. Toa hiyo kwanza."

Niliona haya kama niliyemnyang'anya mgeni sahani. "Ilikuwa heshima tu, kaka."

"Heshima nimeiona. Sasa niache nipumue."

Nikakichomoa, nikakishika mkononi. Nikacheza rekodi. Safi.

"Kelele iko wapi?" akauliza Mutua.

"Itakuja. Huja akiingia mgeni."

"Na akiingia mgeni, wewe hufanya nini?"

Nilifungua kinywa nimjibu, nikatazama chetezo mkononi, bado cha moto. Nikakichomeka: nzi. Nikakichomoa: safi. Nilirudia mara nyingi, nikicheka kama mwehu, na Mutua akicheka na kukohoa dirishani. Aliniambia vitu kama hivyo mara nyingi vimeundwa kwa urahisi. Umeme wake unatetemeka, na mtetemo unapita kwenye nyaya zilezile zinazolisha redio.

Kisha akainamisha sikio. "Na hii ngurumo ya chini?"

Nami nikainama. Kweli, chini ya sauti ya baba palikuwa na mngurumo mzito ambao nzi alikuwa ameuficha. Mutua akacheza rekodi nyingine: hakuna. Akarudi kwa baba: upo. "Huu si wa gari. Umo ndani ya rekodi. Punguza besi, utapungua."

Nyumbani, jua likitua, nililala kwenye sakafu ya ukumbi na viatu miguuni. Mama akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sasa Zuhura apande gari lisilonuka? Watu wa Tudor watasema nini?" Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikasema tu, "Mama, tulifukiza vipi kabla ya umeme?" Akaenda kutafuta makaa. Asubuhi alitia chetezo cha udongo chenye makaa sakafuni mwa gari, madirisha yamefungwa, yeye mwenyewe amesimama kukilinda kwa ndoo ya maji. Kikatolewa kabla bi harusi hajatoka, na viti vilinukia wiki nzima.

Njia ya Tudor, alasiri. Zuhura alikaa nyuma na mama, nami nikashika stelingi. Nikaicheza rekodi: baba akasalimu, akamtaja kwa jina la utotoni, akamwombea, akampa radhi zake. Kila neno lilisikika.

"Ni nini hicho kinachonguruma?" Zuhura akauliza taratibu.

"Injini ya meli, nadhani. Ngoja nipunguze besi."

"Usiiguse."

Basi haya ndiyo niliyojifunza mjini kwangu: umuulize mgeni kama anaupenda udi kabla ya kumfukizia, na usiwe na haraka ya kufuta kila kelele. Tulipofika mlangoni kwa mumewe, dua ilikuwa imekwisha, lakini baba, ambaye simu hajaizoea, alikuwa amesahau kuzima rekodi. Ilibaki ngurumo tu, na mara kiti kikatoa mlio, kama cha mtu anayejiweka sawa. Nje wanawake walikuwa wameshaanza vigelegele. Hatukushuka, sote watatu, mpaka meli iliponyamaza yenyewe.