Fainali Aliyoitangaza Antipasi

Ukifika Ilongero na alizeti yako, nenda mashine ya Antipasi Mughwai. Mafuta safi, mashudu unaondoka nayo yote, na wakati inakamua unapata somo la bure. Mwulize fainali yoyote ya vilabu vya Afrika. Mwaka 2004, Kombe la Shirikisho linaanza? Hearts of Oak na Kotoko, Waghana kwa Waghana, penati. 2014? Al Ahly, goli la dakika za nyongeza, Séwé ya Ivory Coast inalia. 2019? Zamalek na Berkane, penati tena. Hana daftari. Zote ziko kichwani, anazisema huku mkono uko kwenye mbegu.

Sasa mwulize 1993. Anaanza kukagua mkanda wa mashine.

"Hiyo siikumbuki vizuri."

Muongo. Shabiki gani wa Simba wa umri wake haikumbuki? Kombe la CAF, ugenini Abidjan bila bila, kazi imebaki kumalizia Dar. Wakafungwa mbili nyumbani na hao hao Stella wa Abidjan. Wote pale mashineni tulidhani anaona aibu, tukamtania miaka na miaka. Tulikuwa wajinga. Kisa chenyewe nimekipata mwaka huu, kwake na kwa dada yake Febronia, na wote wawili wamesema niandike.

Mwaka ule Antipasi alikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yao, mzee Mughwai, alikuwa kitandani na kifua, hatoki nje. Mzee alikuwa Simba wa kufa. Febronia, binti mkubwa, aliyeolewa Singida mjini, alikuwa Yanga, tena Yanga wa mdomo. Nyumba ile utani haukupumzika hata mtu akiumwa. Simba ikifungwa, Febronia anapanda gari mpaka Ilongero kumpa baba yake pole ya kinafiki. Yanga ikifungwa, mzee anatuma salamu mjini kwa kila anayepita.

Wiki ya fainali mzee alimwambia Antipasi kitu kimoja tu: "Anika betri."

Kama umezaliwa juzi, nikueleze. Betri za redio zikichoka hukimbilii dukani. Unazianika juani juu ya bati, zikipata joto unazing'ata kidogo pembeni, unazirudisha, redio inaongea tena. Novemba mvua inanukia, jua linakuja kwa kuiba, kwa hiyo unaanza mapema. Antipasi hakuanika. Ijumaa alizichukua akazitia kwenye tochi, akaenda ngomani.

Jumamosi mawingu. Mzee ndani kitandani, dirisha wazi, Antipasi nje ya dirisha kwenye kigoda na redio mapajani, maana ndani haishiki vizuri. Mpira ukaanza. Dakika chache tu sauti ikaanza kuzama. Akang'ata betri. Ikarudi, ikazama. Akang'ata mpaka meno yakauma. Kimya.

Kutoka ndani: "We Antipasi! Vipi?"

Hapo ndipo alipokosea. Angesema, "Baba, betri zimekwisha, nilizimaliza mimi." Angetukanwa, yangeisha. Badala yake akabana pua, akaweka sauti ya mtangazaji, akaendelea na mpira mwenyewe.

Aliwajua wachezaji wote, kwa hiyo haikuwa kazi. Akawapigisha pasi, akawachezesha kona, akawatolea kadi. Saa nzima na zaidi, kijana anatangaza mpira usiokuwepo dirishani kwa baba yake. Goli la kwanza akalitoa kipindi cha kwanza. La pili akalichelewesha, mzee asikie utamu. Simba mbili, Stella bila. Bingwa.

"Nilikuwa nasubiri anigundue," ananiambia. "Akicheka, na mimi nacheka, tunamaliza. Hakunigundua. Kifua kilikuwa kinampigia kelele masikioni."

Jumapili kanisani akasikia ukweli. Mbili bila ni kweli, ila kinyume. Akarudi nyumbani akamkuta mzee kakaa, kwa mara ya kwanza mwezi mzima, anakula ugali na kuimba. Wewe ungesema? Usinijibu haraka.

Jumatatu Febronia akashuka kutoka mjini, utani umemjaa mpaka kooni. Akaingia chumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Bado moja."

"Bado moja nini?"

"Rudia shikamoo. Bado moja."

Febronia akacheka. "Baba acha hizo. Nimekuja kukupa pole. Mbili bila, tena nyumbani kwenu!"

"Mbili bila ndiyo. Tumewafunga mbili bila. Kombe letu."

"Mmefungwa, baba. Mji mzima unajua."

"Nimesikia na masikio yangu! Redio hapo dirishani! Antipasi, mwambie dada yako."

Antipasi alikuwa mlangoni na kikombe cha uji. Dada anamwangalia. Baba anamwangalia. Akasema, "Ngoja niongeze sukari," akatoka.

Ndiyo hivyo. Ngoja niongeze sukari.

Febronia akaacha kucheka. Akamfunika baba yake blanketi, akatoka nje akaanza kulia, akawaambia majirani akili ya mzee imeshaondoka. Mzee akawa anawaambia wote wanaokuja kumwona kwamba Simba kachukua kombe, nao wanaitikia kama unavyomwitikia mtoto. Siku ya pili akanyamaza. Antipasi anasema mzee alimtazama sana siku ile, hakuuliza tena. Alhamisi akafa. Msibani watu walishanong'onezana: kafa na kombe lake. Jina hilo, Mzee wa Kombe, wajukuu wamelikuta.

Antipasi akajiwekea ahadi: Simba ikichukua kombe la Afrika, siku hiyohiyo namwambia dada. Furaha itafunika. Ndiyo sababu fainali zote zimo kichwani mwake. Hakuwa anasoma historia. Alikuwa anasubiri.

Mwaka 2023 Yanga ikafika fainali. Mbili moja Dar wakafungwa na USM Alger, wakaenda Algiers wakashinda moja, kombe likaondoka kwa magoli ya ugenini. Febronia, aliyekwisharudi Ilongero mjane, alilia pale mashineni mbele za watu. Tulimsubiri Antipasi amchambe. Alimpa maji ya kunywa. Tukaona Antipasi kaishiwa utani.

Mei 2025 ikafika Simba. Ugenini Berkane wakapigwa mbili. Marudiano Zanzibar, Jumapili saa kumi jioni. Antipasi alizima mashine, jambo ambalo msimu wa kuvuna halijawahi kutokea, akaenda kibanda cha video, akakaa mbele. Simba wakapata la mapema. Kibanda kikataka kuanguka. Yeye midomo ilikuwa inacheza tu, nikadhani anasali. Sasa najua alikuwa anapanga maneno. Kadi nyekundu. La pili halikuja. Dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha.

Kombe hakulingoja tena; alitoka akaenda moja kwa moja kwa Febronia. Alimkuta anapepeta uwele.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Pole. Leo sikutanii, umevimba macho."

"Dada, baba hakuchanganyikiwa."

Akamweleza yote: betri, ngoma, dirisha, uji. Alipomaliza, dada akaweka ungo chini.

"Miaka thelathini na mbili," alisema. "Nimewaambia wanangu babu yao alikufa kichaa. Mimi ndiye nimewaambia. Kwa mdomo huu." Kisha: "Toka kwangu, Antipasi."

Akatoka. Msimu ule alizeti ya Febronia ilikamuliwa kwingine, magunia kumi na moja, yakipitishwa kwa mkokoteni mbele ya mashine ya mdogo wake. Ninyi mnaosema mpira ni burudani tu, mngeona sura ya Antipasi mkokoteni ukipita.

Baada ya wiki kama sita Febronia akaja. Hakuja na alizeti. Nilikuwepo, nasubiri mafuta. Antipasi akaamkia, akaitikiwa, na hapo hapo akazima mashine.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja," Febronia alisema. "Ulipomtangazia la pili, alifanyaje?"

"Alicheka mpaka akakohoa."

"Alisema nini?"

Antipasi akafuta mikono kwenye suruali, muda mrefu, mafuta hayatoki.

"Alisema, 'Febronia akija ataniamkia mara mbili. Kila goli shikamoo yake.'"

Dada mtu akakaa juu ya gunia la mtu. Bado moja. Kitu ambacho miaka yote alikisimulia kama ushahidi kwamba akili imeruka, kumbe mzee alikuwa anatania. Alikuwa mzima, anamtania binti yake, na binti akamfunika blanketi.

"Na mimi sikurudia," alisema.

Akainuka, akajipangusa mashudu kwenye kanga. Antipasi alimnyooshea mkono, hakuushika. Akaenda, si barabara ya kwake, ile ya makaburini.

Juzi kijana kamwuliza Antipasi fainali ya 1993. Amejibu. Abidjan bila bila, Dar mbili kwa Stella. Ameitaja kama zingine zote, akawasha mashine.