Mzinga Uliooshwa kwa Sabuni

Zilikuwa zimebaki siku nne mwaka uishe baba aliponiambia kwamba siku ya mwisho tutakwenda porini kuushusha mzinga wangu. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anakula, akasema, kisha akaomba chumvi.

Baba ni mrina asali. Mizinga yake iko msituni upande wa Ugalla, na ana utaratibu alioachiwa na babu: mzinga unaokaa mtupu tangu Januari mpaka Desemba unashushwa na kupasuliwa kuni. Mti haubebi kitu kisicho na kazi. Mimi nilikuwa nyumbani hapa Mpanda tangu Januari hiyo hiyo, sina kazi, kwa hiyo habari ya kuni niliisikiliza kwa makini kuliko alivyotegemea.

Nina shahada ya usimamizi wa rasilimali watu. Mpanda watu wapo, ila hawajaomba kusimamiwa. Mwaka ule nilituma maombi kila mahali palipokuwa na anwani, nikasafiri mpaka Dodoma kwa usaili mmoja, nikarudi na malaria. Mchumba wangu aliniambia ananiombea, na mwezi wa sita akaolewa. Waajiri wachache walionijibu walianza na "tunasikitika". Wengine hawakusikitika hata kidogo, walinyamaza tu. Nyuki nao walinyamaza, lakini niliwaweka kwenye kundi la wale ambao bado wanaweza kujibu. Kama mzinga ungeshushwa, kundi hilo lingebaki halina mtu.

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya kwa bidii. Januari, baba aliniona nazunguka uani na simu, akanitolea mzinga wa zamani wa gogo, mweusi kwa ndani, unanuka moshi na nta ya miaka mingi.

"Huu wako," akasema. "Usije ukaozea hapa."

Nilimuuliza ulisafishwa lini mara ya mwisho. Akasema nyuki ndio wanaosafisha. Jibu hilo halikunitosha. Alipoondoka nilifungua mifuniko, nikachukua sabuni ya unga na brashi, nikausugua mpaka maji yakatoka meupe. Mama akapita na ndoo.

"Unaufanyia nini?"

"Usafi."

"Baba yako anajua?"

"Ataona."

Baba aliona. Aliinama, akanusa ndani, akaniangalia, akanusa tena. Kisha akaenda kuangalia kuku. Siku ya kwenda porini tuliutundika pamoja na mizinga mingine.

Tofauti ikaanza kuonekana wazi. Kila tulipokwenda, mizinga ya baba ilikuwa inavuma, na wangu umetulia kama ofisi siku ya Jumamosi. Nilitoa maelezo mengi: upande wa jua, aina ya mti, upepo. Mwezi wa tano akahamia mjusi. Mwezi wa nane nikakuta manyoya ya panya. Angalau wapangaji walikuwa wanakuja kuangalia.

Ukweli niliupata Oktoba, kwa jirani yetu Msukuma. Wazazi wake walihamia huku na ng'ombe kutoka kaskazini, na yeye na baba ni watani wa makabila, hawasalimiani bila kutukanana.

"We Mkonongo," alimwambia baba kutoka getini, "nasikia mwanao kaosha mzinga na Omo ya kufulia! Nyie nyuki wenu siku hizi wanaoga?"

"Kuliko ng'ombe wako, ndiyo," baba akajibu.

Ndipo nikaelezwa kwamba harufu ya nta ya zamani ndiyo inayowaita nyuki, na kwamba mimi nilikuwa nimeitoa yote na kuweka ya duka. Nilimfuata baba jikoni.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

"Mimi nauliza kila siku!"

"Kila siku. Hilo hukuuliza."

Alinipa kipande cha nta nikaupake. Nilikataa. Nilimweleza kwamba hatuna uhakika kama sababu ni sabuni, na utafiti wa kweli unataka mzinga uachwe kama ulivyo mpaka mwisho wa mwaka. Baba aliirudisha nta mfukoni. Utafiti ukaendelea vizuri, mzinga ukabaki mtupu, na sasa tulikuwa tunakwenda kuchukua matokeo.

"Kuanzia leo usioge na sabuni," baba alisema siku ile ya chumvi. "Siku tatu."

"Kwa nini tatu? Kwa nini si mbili?"

"Oga siku ya tatu, tuone."

Sikuoga. Utafiti mmoja wa sabuni kwa mwaka ulinitosha.

Tuliondoka asubuhi, mimi na baba kwenye pikipiki moja na yule mtani kwenye nyingine. Alisema anakuja kusaidia kubeba kuni. Barabara ilikuwa tope tupu, tukashuka kuzisukuma mara tano, na mahali pikipiki zilipogoma tukatembea huku mbung'o wakituuma kupitia shati. Goti la baba halipandi tena mti. Nikapanda mimi, kamba begani, wao wakasubiri chini.

Nilipofika usawa wa mzinga nikasimama.

"Baba, kuna nyuki."

"Wangapi?"

"Wanne. Watano. Mmoja huenda nimemhesabu mara mbili."

"Waulize majina!" mtani akapiga kelele.

"Wanapita au wanaingia?" baba akauliza.

Nikaangalia. "Wanaingia. Wanatoka. Wanaingia tena."



"Hao wanakagua nyumba," baba akasema. "Wakiipenda wataleta wenzao."

"Wasipoipenda?"

"Hawataleta."

"Shusha huo mzinga tuondoke," mtani akasema. "Nyuki wanne ni nyuki? Mimi nikiwa na ng'ombe wanne nasema sina ng'ombe."

Baba alinyanyua uso.

"Msomi," akaniita, "huo mzinga mtupu au si mtupu?"

Nilikuwa nimekaa kwenye tawi, kamba tayari mkononi. Nilitaka sana kusema si mtupu. Lakini hata mjusi alikuwa ameingia mle, na hatukumwita asali. Kusema ni mtupu nako nisingeweza, maana mmoja wa wale wanne alikuwa ndani wakati huo, na sikujua anafikiri nini.

"Sijui," nikasema.

"Umesemaje?"

"Sijui, baba!"

"Kasema hajui!" mtani akatangaza, kana kwamba kuna umati.

Baba aliingiza mkono mfukoni, akatoa ile nta, akaifunga kwenye ncha ya kamba iliyoning'inia. "Vuta. Paka mlangoni, halafu upake mfuniko kwa ndani. Tutaangalia tena mvua zikiisha."

Sikumuuliza kwa nini mtu anayekwenda kushusha mzinga amebeba nta. Nilivuta kamba, nikapaka. Mkaguzi mmoja hakupenda kuingiliwa kazini, akanichoma kwenye kope.

"Kakuchoma?" baba akauliza.

"Ndiyo."

"Vizuri. Ameanza kuona ni kwake."

Nyuki huchoma popote, hata pasipo kwao, na ningeweza kulisema hilo. Niliteremka.

Siku ya mwaka mpya jicho langu la kushoto lilikuwa limefunga kabisa. Mama mdogo alikuja kula pilau, akaniangalia kwa huruma, akauliza kama kuna kazi niliyopata. Huwa anauliza kila akija, na huwa nabadilisha mazungumzo.

"Kuna sehemu wamekuja kukagua," nikamwambia. "Wakipenda, wataleta wenzao."

"Jamani! Ofisi gani hiyo?"

"Iko upande wa Ugalla."

"Mbali huko. Nyumba watakupa?"

"Hapana, mama mdogo," nikasema. "Nyumba natoa mimi."