Vipande Saba Nilivyovikata Kwenye Kamba ya Mama Ndunge

Kuna asubuhi moja ya kule Kathiani ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, naona aibu kama ya jana. Nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne, nimesimama jikoni kwa Mama Ndunge mwenyewe akiwa shambani, na mkononi nilikuwa na mkasi. Ngoja nikueleze nilichokata.

Mama Ndunge alikuwa mfumaji. Wanawake wengi wa kwetu husuka vyondo, vile vikapu vya katani, naye alivisuka tangu utotoni, lakini yeye alitaka picha. Alitengenezewa fremu ya mbao kubwa kama mlango, akafuma juu yake picha za kutundika ukutani kwa nyuzi za katani alizozitia rangi mwenyewe. Mimi nilikuwa mchoraji wake. Alieleza anachotaka, nami nikapaka penseli kwenye miraba ya daftari la hesabu. Nilijiona fundi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nanakili tu kile alichokwisha kukiona kichwani mwake.

Wakati huo macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Rangi pana aliziona, uzi mwembamba hakuuona. Hakulalamika. Alikuwa na kamba ndefu iliyoning'inia jikoni, na kwenye kamba hiyo alifunga kipande cha uzi wa kila rangi aliyowahi kuijaribu. Kando ya kila kipande alifunga kitu kilichotoa rangi hiyo, kama vile kibanzi cha gome, na mafundo ya kuonyesha uzi ulichemshwa mara ngapi. Rangi iliyoharibika aliifunga pia, hata kama uzi ulikuwa umeoza. Akitaka kuchanganya rangi alifumba macho, akapitisha vidole kwenye kamba kama mtu anayesoma barua. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule, na sijakutana na kimoja kilichojaa maarifa kama kamba ile.

Basi tukaambiwa kwamba kamati ya ukumbi mpya mjini Machakos inakuja kutazama kazi yake. Nikaitazama kamba kwa macho ya wageni. Vipande saba vilinichukiza. Kimoja kilikuwa na ukungu, kingine kilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo, na kimoja cheusi, kilichofungwa pamoja na msumari wenye kutu, kilikuwa kimekatika kikabaki kama kijiti cha kiberiti. Nikavikata vyote saba, nikavitupa motoni, nikasogeza vilivyobaki ili pengo lisijulikane. Sikumwambia. Nilidhani namsaidia.

Wageni walifurahi, wakaomba picha ya milima ya Iveti. Nikachora matuta ya mashamba kwa mistari iliyonyooka. Mama Ndunge alifuma kipande cha kujaribu, akakipapasa, akacheka.

"Mulwa, hii ni ngazi. Nani analima kwenye ngazi?"

Akavua viatu, akanishika mkono, tukatembea juu ya matuta ya shamba lake kutoka mwanzo hadi mwisho. Alikuwa akisikiliza jinsi nyayo zake zinavyopinda pamoja na mlima. Aliporudi kwenye fremu akaanza kushindilia uzi kwa nguvu katikati na taratibu pembeni, na mstari ukapinda wenyewe. Hakuna mtu aliyemfundisha hilo. Nikalifunga daftari langu.

Matuta aliyataka yawe meusi. Akatafuta kwenye kamba, akakuta nyeusi moja tu, ya magome na matope, nayo ilikuwa hafifu.

"Nikitia misumari yenye kutu itakolea," akasema. "Kama nilishajaribu ikakataa, kamba ingeniambia."

Nilikumbuka kile kipande na msumari wake. Nikajiambia kwamba msumari ni msumari tu. Nikaendelea kukoroga sufuria.

Picha ilitundikwa, na watu walisimama mbele yake wakasahau walichoendea ukumbini. Misimu miwili ya mvua ikapita, kisha picha ikarudishwa nyumbani ndani ya gunia. Kutu ilikuwa imekula uzi. Nyuzi nyeusi zilikuwa zimekatika moja baada ya nyingine, na matuta yalipoachia, mlima wote ukaporomoka, kama shamba lisilochimbwa matuta likipigwa na mvua kubwa.

Mama Ndunge aliipapasa. Akaenda kwenye kamba, vidole vikapita kutoka juu hadi chini, kisha chini hadi juu.

"Hii nilishaijaribu," akasema. "Nakumbuka ikivunjika mkononi. Mbona haiko?"

Nilikuwa nimesimama hapo nimeshika gunia.

"Basi niliota," akasema. "Kichwa changu kimeanza kuisha."

Sikusema neno, mwanangu. Akaacha kufuma. Akataka fremu iwe mlango wa banda la kuku, na mimi ndiye niliyeipigilia misumari. Kwa miezi minane nilimwona mwanamke mwenye akili kuliko wote niliowajua akiiogopa akili yake mwenyewe. Alisimulia jambo nusu, akanyamaza, akauliza kama alishalisema. Mchana mmoja nilimkuta jikoni ameshika kijiko.

"Mulwa, nionjee. Nimetia chumvi ama sijatia?"

Nikaonja. Chumvi ilikuwa sawasawa. Nikaweka kijiko chini, nikamwambia yote.

"Ulivikata?"

"Nilivikata, mwaitu," nikajibu, maana kwa Kikamba ndivyo tunavyomwita mama.

"Na kile cheusi kilikuwepo?"

"Kilikuwepo. Na msumari wake."

Akapiga makofi. "Ndunge! We Ndunge! Njoo usikie! Niko na kichwa kizima! Mwizi wake ni huyu hapa!"

Ndunge, binti yake, akaja mbio, akamkuta mama anacheka huku machozi yanamtoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Furaha ile iliniuma zaidi. Halafu kicheko kikakatika.

"Ulishika nyundo," akaniambia, "na ulikuwa unajua."

Akaishika ile kamba.

"Utavirudia vyote saba. Na viharibike vile vile vilivyoharibika."

"Msomi wetu amepewa mtihani wa kufeli," Ndunge akasema. "Ukifaulu hata mmoja, unarudia darasa!"

Nilichemsha magome hadi mikono ikawa ya kahawia. Kile cha ukungu peke yake kilinichukua wiki tano. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kila kipande kibaya kilikuwa swali aliloliuliza kwa makini, na jibu lake alilitunza.

Naye akaing'oa fremu kutoka kwa kuku, akaisugua kinyesi, akaanza upya. Safari hii hakutumia nyeusi hata kidogo. Aliviringisha uzi juu ya kamba nene ya katani, matuta yakainuka kiasi cha unene wa kidole, na mwanga wa dirishani ulipopita, kila tuta likajitengenezea kivuli chake. Kivuli ndicho kilichokuwa rangi nyeusi. Kutu ingekula nini hapo? Sijawahi kuona kazi ya mikono iliyonyamazisha watu namna ile.

Lakini katika ile miezi minane niliyonyamaza, macho yake yalizimika. Picha ya kwanza aliiona, japo kwa shida. Ya pili, iliyokuwa bora, hakuiona. Tulipoitundika akauliza, "Kivuli kinaonekana?" Alimuuliza Ndunge, aliyekuwa mlangoni. Mimi nilikuwa kando yake kabisa, na hakuniuliza mimi.

Mwanangu, juzi nilikuona ukifuta kwenye simu picha za majaribio yako ya rangi yaliyoharibika, ubaki na mazuri ya kuonyesha watu. Usiyafute. Andika umechanganya nini na kimeharibika vipi, ili wewe na atakayekufuata msipotee njia ile ile. Na ukimkosea mtu, mwambie siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka. Ukingoja, yeye atajilaumu kwa jambo ulilolifanya wewe, na siku anazozipoteza huwezi kumrudishia.

Mungu aibariki mikono yako. Akuachie macho uone kazi yako ikikamilika, na akujalie kuwa mtu ambaye wenzako wanaweza kumuuliza ukweli na wakaamini anachowajibu.