Sandwichi za Kuku za Alhamisi

Siku ile mle mgahawani tulikuwa watu kumi na watatu. Alikuwepo Bi Mkubwa, mwenye mgahawa, aliyekuwa amesimama kwenye foleni ya mkate tangu alfajiri. Alikuwepo karani mkuu wa ofisi ya pamba, kwenye meza ya dirishani ambayo mtu mwingine hakuthubutu kuikalia. Walikuwepo wapiga chapa wawili wanawake, wageni wanne waliokuja kwenye mkutano kutoka Mwanza, tarishi mzee, mkulima aliyekuwa akisubiri malipo ya pamba yake tangu Jumanne, na dereva wa lori aliyekuwa akipeleka mbegu za pamba Kahama. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta. Wa kumi na tatu alikuwa mzee mchinjaji. Huyo aliingia mwisho.

Mgahawa wenyewe ulikuwa chini ya jengo la ofisi, katikati ya mji wa Shinyanga. Waliofanya kazi juu walishuka saa sita na nusu, wote kwa pamoja, na kila mmoja alitaka ahudumiwe wa kwanza. Mimi ndiye niliyeandika chakula cha siku kwenye ubao kwa chaki. Jumatatu, sandwichi za mayai. Jumanne, wali na maharage. Jumatano, sandwichi za nyama ya kusaga, kama nyama ilipatikana. Alhamisi, sandwichi za kuku. Ijumaa, mayai tena, kwa sababu wengi waliwahi msikitini. Kila siku palikuwa na saladi, yaani kabichi na karoti zilizokatwa nyembamba, zikatiwa limau na chumvi. Karani mkuu aliwahi kukaa Dar es Salaam na alisema kula ugali mchana kunamlaza ofisini, kwa hiyo wote walio chini yake waliacha ugali mchana. Mkate ukikosekana, na miaka ile ulikosekana mara nyingi, niliandika "michembe na karanga", viazi vikavu vya kwetu. Siku hizo walinitazama mimi utadhani ndiye niliyekula ngano yote ya nchi.

"Binti, hiki ni chakula cha wagonjwa," karani mkuu alisema mara moja, akausukuma ule mchanganyiko wa michembe kwa ncha ya uma.

"Ni chakula cha Wasukuma, mzee."

"Ndivyo nilivyosema."

Wapiga chapa wakacheka. Nikaondoa sahani. Michembe ile tulikula jioni mimi na wadogo zangu, na tulishiba.

Wadogo zangu walikuwa watatu. Baba alitangulia, mama akafuata mwaka mmoja baadaye, nami nikaacha shule darasa la sita nikawa mkubwa wa nyumba. Mashangazi walitaka kutugawana, kila mmoja achukue wake. Nilikataa. Nilikwenda mjini nao wote, nikamwomba Bi Mkubwa kazi na mahali pa kulala, naye akatupa chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya mkaa. Hakutupa kwa upole. Alisema, "Siku nitakapokutoa kazini, siku hiyo hiyo mtatoka na chumbani. Tumeelewana?" Tulielewana. Kila asubuhi nilipowasha moto nilijua kwamba vichwa vinne vinalala juu ya kazi yangu.

Sasa habari ya kuku. Kwetu, hata katika nyumba isiyo na Mwislamu, baba alimwita jirani Mwislamu kuchinja. Alisema mgeni akipita hataki kumuuliza dini yake kabla ya kumkaribisha. Pale mgahawani ndiyo ilikuwa lazima kabisa, maana Bi Mkubwa alikuwa Mwislamu, na nusu ya wateja wake pia. Kila Alhamisi asubuhi mzee mchinjaji alikuja, akachinja kuku wanne, akapewa chai na kitumbua, akaenda zake. Haya yote niliyajua. Sitaki mtu aseme sikujua.

Lakini baba alipokufa, wageni waliacha kupita kwetu. Hapakuwa na mwanamume wa kushika kisu, mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka sita, nami sikuona sababu ya kwenda kumwamsha jirani kwa ajili ya jogoo mmoja ambaye ni sisi tu tutamla. Nikawa nachinja mwenyewe. Majirani walisema mwanamke hachinji. Nikawaambia basi waje wachinje wao na walete na unga. Hawakuja. Mkono wangu ukazoea kufanya mambo bila kumuuliza mtu.

Alhamisi ile, alfajiri, Bi Mkubwa alipokwisha kuondoka, alipita mke wa mchinjaji. Akaniambia mumewe amekwenda msibani Isaka tangu jana na hatachinja leo, tutafute mtu mwingine. Nikasema sawa. Nilitoka nje nikatazama barabarani. Tarishi, ambaye angeweza kuchinja, alikuwa hajafika. Dukani kwa jirani kulikuwa kumefungwa. Wale wageni wa Mwanza walikuwa wameagiziwa sandwichi tangu jana, na karani mkuu alikuwa amesema mbele ya watu kwamba leo chakula kikiharibika atazungumza na mwenye jengo atafute mpangaji mwingine. Nilingoja mpaka jua likapanda. Kisha nikachukua kisu nikawachinja wote wanne nyuma ya chumba chetu.

Nilijiambia hakuna atakayejua. Nilijiambia pia kuwa watu wanaosukuma chakula cha watu kwa ncha ya uma hawastahili kuamshiwa mchinjaji. Hilo la pili ndilo lililonipa nguvu, na ndilo baya zaidi.

Bi Mkubwa alirudi saa tano na mikate sita, amechoka, hajatia kitu tumboni. Kuku walikuwa wameshachemka, nawachambua. Hakuuliza, kwa nini aulize? Tukakata slesi, tukapaka siagi, tukapanga nyama na saladi. Saa sita na nusu wakashuka. Wageni wakasifu. Hata karani mkuu alikula ya kwanza yote akaomba ya pili. Dereva, ambaye siku zote alikuwa mtu wa mayai, siku hiyo alikuta mayai hayapo akachukua kuku. Mkulima aliuliza bei, akasikia, akaagiza chai.

"Na majani haya?" aliuliza, akionyesha saladi. "Yanaliwa bila ugali?"

"Ndivyo wanavyokula," nikasema.

"Wabeja, asante. Mimi nimeacha mbuzi nyumbani, sikujua huku mnao wengine."

Dereva akacheka mpaka akapaliwa. Karani mkuu hakucheka. Ndipo mlango ukafunguka akaingia mzee mchinjaji, vumbi la basi limemjaa kanzuni.

"Asalaam alaikum. Bi Mkubwa, niwie radhi, leo sikuja kukuchinjia. Tulikuwa tunazika Isaka."

Sikumbuki nani aliacha kutafuna kwanza. Tarishi alitema kwenye kiganja. Mmoja wa wageni aliiweka sandwichi yake mezani taratibu na kuifunika kwa leso. Karani mkuu aligeuza kiti kikakwaruza sakafu.

"Bi Mkubwa, hawa kuku kachinja nani?"

Bi Mkubwa alinitazama. Mimi nikatazama mbao ya kukatia.

"Nimechinja mimi," alisema dereva.

Wote wakamgeukia. Alikuwa bado ana mafuta mdomoni.

"Wewe?"

"Mimi. Nimepita asubuhi kutafuta chai, nikamkuta binti anahangaika. Nikachinja. Kuna nini?"

"Saa ngapi?"

"Ah, karani! Utataka na stakabadhi ya kila kuku?"

Wageni wakacheka, pumzi zikarudi. Yule wa leso akaifunua sandwichi yake. Tarishi akasema, "Kijana, ungesema mapema, nimetema nyama nzuri." Nami nilikuwa nimepona. Kazi ipo, chumba kipo, jioni wadogo zangu watarudi shuleni na kuingia mlango ule ule. Dereva yule hakuwa ndugu yangu wala rafiki. Sikumjua zaidi ya sahani yake. Alinitazama usoni akaelewa, akajibebesha mzigo wangu.

Bi Mkubwa akasema, "Alhamdulillahi." Akakaa. Akachukua sandwichi iliyobaki kwenye sinia, chakula chake cha kwanza tangu usiku, akaipeleka mdomoni.

"Bi Mkubwa, usile," nikasema. "Nimechinja mimi."

Nikifika hapa katika kusimulia, watu huniambia nilifanya vyema. Sijui. Najua tu kwamba wale wengine ningewaacha wale. Yeye sikuweza kumtazama akimeza.

Karani mkuu alisimama. "Umetulisha kibudu! Umekuja hapa na miguu ina matope, umepewa kazi, unatulisha kibudu!" Akaipindua sahani yake sakafuni. "Leo hii atoke. Yeye na hao watoto wake."

"Si watoto wangu. Ni wadogo zangu."

"Watoke!"

Kisha akamgeukia dereva. "Na wewe, mwongo. Umesema umechinja na hukuchinja, umeacha Waislamu wenzako wale. Mbegu zangu hutazibeba tena."

Dereva alifuta mdomo kwa nyuma ya mkono. Aliniambia mimi, kwa sauti ya chini lakini wote walisikia: "Binti, nilikuwa nimeshakuvusha. Sasa umenizamisha na mimi." Akaweka pesa ya chakula mezani, akatoka. Nilisikia lori likiwaka.

Mchinjaji, ambaye ndiye peke yake aliyekuwa mtulivu, alisema aliyekula bila kujua hana dhambi, na waliojua walikuwa wawili tu, binti na yule aliyetoka. Karani mkuu alisema hakuja kusikiliza mawaidha, anataka kuona nikifukuzwa.

Bi Mkubwa alikuwa bado ameketi, mikono mitupu. "Karani," alisema, "juu kwenye ofisi zako fukuza unayemtaka. Hapa kodi nalipa mimi. Panda ngazi."

"Nitazungumza na mwenye jengo."

"Kazungumze. Mwambie na zile sandwichi za mwezi mzima ulizokula ukasema utalipa mshahara ukitoka."

Alipanda. Nilidhani sasa Bi Mkubwa atanigeukia kwa huruma. Alinigeukia, lakini huruma haikuwemo. Alisema kila sufuria, kila kisu na kila sahani vioshwe mara saba na mbao ichomwe moto. Alisema waliokula na haikuwapasa kula ni sita: karani mkuu, tarishi, mpiga chapa mmoja, wageni wawili, na dereva. Nitakwenda kwa kila mmoja alipo, kwa miguu yangu, nimwombe radhi. "Ukimaliza wote sita, tumemalizana. Usipowamaliza, hujanilipa. Mpaka hapo utafanya kazi, utalala, lakini usiniite mama."

Nilikuwa sijawahi kumwita mama. Niliumia hata hivyo.

Tarishi na mpiga chapa niliwapata jioni ile ile. Tarishi alisema yamekwisha. Mpiga chapa alinisikiliza mlangoni bila kuitikia shikamoo yangu, kisha akafunga. Wageni niliwakuta nyumba ya wageni wanafunga mizigo. Mmoja alisema amesamehe, mwingine alisema Mungu ndiye anayesamehe, yeye ana treni. Karani mkuu alinisimamisha nje ya ua wake Ijumaa, watu wakitoka msikitini, akanifanya niseme mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi.

"Sikusikia."

"Naomba radhi, mzee."

"Radhi ya nini? Waambie hawa."

Nikawaambia. Sikulia, na sikuinamisha kichwa. Nilimwomba radhi kwa kosa langu. La kwake sikumsamehe, na sijamsamehe. Jumatatu alishuka saa sita na nusu akakaa dirishani akaagiza mayai, nami nikampelekea.

Dereva hakurudi. Kweli mbegu alinyang'anywa, na mwenye lori hakuwa na kazi nyingine ya kumpa. Haya nilikuja kuyasikia miezi mingi baadaye. Nilipopata nafasi ya siku mbili nilikwenda Kahama, nikaulizia mpaka Nyasubi, nikafika kwenye nyumba ya vyumba viwili. Mkewe alikuwa anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Wewe ndiye wa kuku?"

"Ndiye mimi."

"Marahaba basi. Hayupo. Amekwenda Rwamgasa kuchimba dhahabu, maana usukani alinyang'anywa."

"Nimekuja kumwomba radhi."

"Kamwombe yeye. Mimi utaniomba ya kwangu." Akaendelea kupepeta. "Watoto wake watatu walikuwa wanasoma. Sasa anasoma mmoja."

Nikamwomba ya kwake, nimesimama juani. Hakunipa hata maji.

Rwamgasa nilifika mwaka uliofuata, mdogo wangu wa pili alipokwisha kuanza kazi na tulipoweza kupanga chumba chetu wenyewe. Nilizunguka mashimoni nikimweleza mtu mfupi, mwenye kovu kidevuni, aliyewahi kuendesha lori. Wachimbaji wakacheka. "Dada, hapa kila mtu aliwahi kuendesha kitu." Mmoja alisema mtu wa namna hiyo alihamia shimo jingine, mbele zaidi, hajui wapi. Nililala kwa mama ntilie mmoja, asubuhi nikaenda mbele zaidi. Sikumpata.

Niliporudi nilimweleza Bi Mkubwa. Alikuwa akikata kabichi, mimi nikiwa tayari mtu wa kuja na kuondoka, si wa chumba cha nyuma tena.

"Wangapi?" aliuliza.

"Watano."

"Haya," alisema, na hakuinua macho. "Mmoja bado."