Binti Yangu Anapanda K2

Dada yangu wa Columbus alinipigia simu mchana, nikiwa mapumzikoni ghalani ninakofanya kazi, Cheektowaga, hapa Marekani. "Binti yako hana hata nafasi ya kuja kunisalimia," alilalamika. "Ameniambia kila jioni anapanda K2 na wenzake wa kazini, hukohuko Louisville."

Niliiweka chapati chini. Wiki ileile msimamizi alikuwa ametukusanya kutuonya juu ya K2, majani yaliyopuliziwa dawa za kulevya, ambayo mtu akivuta anaanguka kama gunia. Na sasa mwanangu, niliyemzaa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania nikamlea kwa kwaya na maombi, ati anayapanda. Tena na wenzake, shamba la ushirika kabisa.

Sikulala. Alfajiri nilishika barabara, nikampitia dada yangu Columbus, naye akasali kwa sauti njia nzima mpaka nikamwambia apunguze, Mungu si kiziwi.

Jioni tulimkuta binti kazini kwake, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akipanda ngazi huku jasho linamtiririka.

"Mama? Kuna msiba?"

"Shamba liko wapi?"

"Shamba gani?"

"La K2. Nionyeshe, nikaling'oe mwenyewe."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Kwa Kiswahili chake kinachochechemea akanieleza kwamba K2 ni mlima, wa pili kwa urefu duniani, uko mpakani mwa Pakistani na Uchina, na wengi wamefia huko. Yeye na wenzake wanapanda ngazi hizi kila baada ya zamu, wanajumlisha ghorofa kwenye karatasi mpaka zifikie urefu wake. Hakuna aliyepanda mbegu yoyote. Ni miguu tu.

Nikakaa palepale kwenye ngazi. Mlima unaoua watu, na mimi namshukuru Mungu kwa ajili yake. Nilicheka, nikalia, nikajifuta kwa kitenge.

"Wewe na bangi zako," dada yangu akanisonya.

Binti akakaa kando yangu. "Lakini mama, umeendesha siku nzima. Kwa nini hukunipigia tu simu ukaniuliza?"

"Niliogopa utaniambia ni kweli."

Hapo aliacha kucheka. Akaniegemea begani, na jasho lake lote.